Tucheze kwa sheria za nani? Historia fupi ya omweso, igisoro na bao

Mada ya safari hii imetoka kwenye kikao chetu cha kupanga michezo ya Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani. Mpira wa miguu haukutuchukua hata dakika tano. Kilichotukalisha mpaka jioni ni ule mchezo wa ubao wenye mashimo na kete. Kila mtu alitaka uwepo, ila hakuna aliyekubali sheria za mwenzake. Wa Kampala tangu utoto wanataka omweso. Waliotoka upande wa Rwanda, Burundi na Kivu wanataka igisoro. Na wale waliokulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma wanasema mchezo wa kweli ni bao la Kiswahili, mengine yote ni ya watoto.

Kila upande ulikuwa na neno moja mdomoni: "Sheria zetu ndizo orijino." Sasa sisi tukasema, kabla ya kupiga kura, hebu tujue kwanza. Tumeuliza wazee, tumesoma tulichoweza kupata, na haya ndiyo tuliyoyakuta.

Ubao ni ule ule

Ukiziweka mbao tatu pamoja, ya omweso, ya igisoro na ya bao, mgeni atashindwa kuzitofautisha. Zote zina safu 4, kila safu mashimo 8, jumla mashimo 32. Kete ni 64, kila mchezaji 32. Safu mbili za upande wako ni zako, mbili za ng'ambo ni za mwenzako. Unachota kete za shimo moja, unazisambaza moja moja, na ukiishia kwenye shimo lenye kete safari inaendelea. Kwa macho utaona tofauti moja tu: mbao nyingi za pwani zina shimo moja la mraba kila upande kwenye safu ya mbele. Hilo linaitwa nyumba.

Tofauti kubwa ziko kwenye sheria.

Kwenye omweso, Waganda wanasema okwesa, yaani kuucheza, na kete wanaziita empiki. Kila mtu anapanga empiki zake 32 kwenye mashimo yake anavyotaka. Hapo tayari vita imeanza, kwa sababu mpangilio wako unaonyesha una akili gani. Hauruhusiwi kuanzia kwenye shimo lenye kete moja. Kete yako ya mwisho ikiangukia kwenye shimo la safu yako ya mbele lenye kete, na mashimo yote mawili ya mwenzako yanayotazamana nalo yana kete, unakula yote mawili. Ulichokula unakisambaza tena kuanzia pale ulipoanzia mzunguko ule. Kuna mashimo manne ya mwisho upande wako wa kushoto ambayo yanakuruhusu kurudi nyuma kama kwa kurudi utakula. Anayebaki bila shimo hata moja lenye kete mbili au zaidi ameshindwa. Halafu kuna ushindi wa ghafla unaoitwa emitwe ebiri, vichwa viwili: ukila ncha zote mbili za mwenzako katika zamu moja, mchezo umekwisha hapo hapo hata kama bado ana kete za kutosha.

Igisoro ni ndugu wa karibu sana wa omweso. Kwa Kinyarwanda kuucheza ni kubuguza, na Burundi mchezo wenyewe wanauita ikibuguzo. Hapo pia unakula mashimo mawili kwa pamoja, na hapo pia kuna mashimo maalum ya kurudi nyuma. Mganda na Mnyarwanda wakikaa pamoja wataelewana baada ya michezo miwili mitatu, ila watabishana kidogo juu ya namna ya kupanga kete na wapi mtu anaruhusiwa kugeuka.

Bao la Kiswahili ni habari nyingine kabisa. Unaanza na kete 10 tu kwenye ubao: 6 kwenye nyumba, na 2 kwenye kila moja ya mashimo mawili yanayofuata. Kete 22 zinabaki mkononi. Kila zamu unaingiza moja, na hiyo hatua inaitwa kunamua. Kete za mkononi zikiisha ndipo mnaingia mtaji, mnacheza na zilizo ubaoni tu. Unapokula unachukua kete za shimo la mbele la mwenzako peke yake, la nyuma haliguswi, na unazisambaza kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu yako ya mbele. Kucheza bila kula ni kutakata. Safu yako ya mbele ikiwa tupu umefungwa, hata kama nyuma umejaa.

Na hata watu wa bao wana matoleo mawili. Kuna bao la kujifunza, ambapo kete zote zinawekwa mbili mbili kila shimo tangu mwanzo na hakuna kunamua. Oman wanacheza mchezo unaofanana nalo, wanauita hawalis. Undugu wa pwani yetu na Oman mnaujua.

Sasa fikiria mtu wa bao amekaa na mtu wa omweso bila kuambiana kitu. Wa bao anamwona mwenzake anakomba mashimo mawili, anasema huyu mwizi. Wa omweso anamwona mwenzake ameshika kete 22 kwenye ngumi, anasema huyu kaficha mali. Wote wawili wanacheza kwa haki kabisa. Tatizo ni kwamba wanacheza michezo miwili juu ya ubao mmoja.

Nani ana orijino?

Hapa ndipo ubishi wetu ulipokufa. Hakuna anayejua nani alichonga ubao wa kwanza. Michezo ya aina hii imetapakaa Afrika nzima na Asia pia. Mfaransa mmoja, Étienne de Flacourt, aliandika kuhusu mchezo kama huu huko Madagaska kwenye kitabu chake cha mwaka 1658. Wakati huo wazungu hawakuwa hata na habari ya Buganda.

Kwa hapa Uganda maandishi yalikuja baadaye sana. Mmisionari John Roscoe aliuelezea kwenye kitabu chake The Baganda, 1911. Mwaka 1934 R. S. Shackell akaandika makala juu ya mweso kwenye jarida la Uganda Journal. Kisha 1968 Mganda mwenyewe, M. B. Nsimbi, mwandishi mkubwa wa Kiganda, akatoa kazi yake juu ya omweso kama mchezo wa watu wa Uganda. Upande wa pwani, W. H. Ingrams aliligusa bao kwenye kitabu chake cha historia ya Zanzibar mwaka 1931, na mwaka 1995 Mholanzi Alex de Voogt alimaliza utafiti wake juu ya mafundi wa bao wa Zanzibar, akitaka kujua vichwa vyao vinahesabu vipi zamu nyingi mbele bila kugusa kete.

Tumeyataja haya yote kwa sababu moja. Kila mwandishi aliandika kile alichoambiwa na wachezaji aliowakuta. Angekaa kijiji kingine, pengine angeandika sheria nyingine. Basi mtu akikuletea kitabu na kusema "imeandikwa hivi," jibu lake ni kwamba imeandikwa hivi na fulani, mwaka fulani, kutoka kwa watu fulani. Kitabu ni shahidi mzuri. Hakimu wa kila ubao hakiwezi kuwa.

Heshima ya mchezo nayo haina mwenyewe mmoja. Buganda omweso ulikuwa na nafasi yake ikulu kwa Kabaka. Tanzania kila mtu anajua Mwalimu Nyerere alipenda kukaa kwenye bao, na alikuwa Mzanaki wa Butiama, siyo mtu wa pwani. Bao lilimfikia kwa njia ile ile linavyotufikia sisi: watu wanakaa pamoja, mmoja anafundisha.

Mipaka ilikuja baada ya kete

Sasa tufike pale panapouma.

Mwaka 1910 Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji walikaa Brussels wakakubaliana mipaka ya eneo letu. Bufumbira, ambako watu wanaongea lugha ya karibu sana na Kinyarwanda, ikaangukia Uganda. Wengine wa lugha hiyo walikuwa tayari wako upande wa Kongo kabla ya mzungu. Kisha kuanzia 1937, na mpaka miaka ya 1950, Wabelgiji wakahamisha familia nyingi kutoka Rwanda kwenda Masisi na maeneo mengine ya Kivu kwa ajili ya kilimo na kazi. Mwaka 1959 na baadaye, wakimbizi wa Rwanda wakaingia Uganda, Kongo, Burundi na Tanzania. Mtu anayehama anaweza kuacha shamba, anaweza kuacha ng'ombe. Mchezo hauachwi, kwa sababu ubao unaweza kuuchimba ardhini na kete ukaokota mawe.

Halafu siasa ikaja. Mwaka 1981 Zaire ilipitisha sheria ya uraia iliyowaacha Wakongo wengi wanaoongea Kinyarwanda bila uraia. Sheria mpya ilikuja 2004, lakini katikati hapo mnajua yaliyotokea, na yanayoendelea ndiyo yaliyotuleta hapa. Kwenye mazingira kama hayo, swali la "unatoka wapi kweli?" siyo la kupiga stori. Kuna watu walipoteza ndugu zao kwa sababu ya jibu lake.

Kwenye kikao chetu mmoja alisema, kwa sauti ya utani, "Sisi hatuchezi sheria za Wanyarwanda." Kijana mmoja wa Kivu alinyamaza, akachukua begi lake, akatoka. Hakuna aliyepiga kelele. Ila sote tulielewa kwamba tulikuwa tumeacha kuzungumza juu ya kete. Namna yake ya kucheza aliyofundishwa na babu yake ilikuwa imegeuzwa kuwa kitambulisho, na kitambulisho hicho kikatumika kumsukuma nje ya chumba. Hapa Katwe na Nsambya tunaishi watu wa kila upande wa vita ile ile. Tunapanga chumba ukuta kwa ukuta. Kama ubao utaanza kufanya kazi ya kizuizi cha barabarani, bora usiwepo.

Kwa hiyo tunasema wazi: kucheza igisoro hakukufanyi kuwa Mnyarwanda, kama vile kucheza omweso hakukufanyi Mganda wala bao halikupi uraia wa Tanzania. Sheria za mchezo zinaonyesha ulikaa na nani ukafundishwa. Basi.

Hata wenye kampuni wanagombana

Msifikiri ubishi huu ni wa sisi tusio na vitabu. Kuna mchezo wa mezani wa Marekani unaitwa Dungeons & Dragons. Baadhi ya wafanyakazi wa kujitolea wanaokuja kutoka nje wanaujua vizuri sana. Mmoja anasimulia kisa cha mapango, mazimwi na uchawi, wengine kila mmoja ana mhusika wake na anasema anafanya nini, halafu dadu zinaamua kama amefanikiwa. Gary Gygax na Dave Arneson waliutoa 1974, nakala 1,000 za kwanza. Huo una mwenyewe, una kampuni, una sheria zilizochapwa. Ungetegemea hakuna ubishi.

Kumbe ubishi ndio umejaa! Mwaka 1977 tu tayari ulikuwa umegawanyika njia mbili, moja ya wanaoanza na nyingine ya waliobobea. Toleo la pili likaja 1989, la tatu 2000, la nne 2008, la tano 2014, na 2024 likarekebishwa tena. Lile la nne lilipotoka wachezaji wengi walikataa, wakahamia mchezo mwingine, Pathfinder, wa 2009, uliojengwa juu ya sheria za toleo la tatu. Mpaka leo watu wanaulizana toleo lipi ndilo lenyewe, na kuna wazee wanaocheza la miaka ya 1970 na hawataki kusikia kitu.

Tumejifunza mambo mawili kutoka kwao. La kwanza, kitabu hakimalizi ubishi. Kila meza inaishia kukubaliana yenyewe. La pili linahusu pesa. Januari 2023, baada ya wachezaji kulalamika sana juu ya leseni, kampuni iliweka sheria za msingi za toleo la tano wazi, yeyote anaweza kuzitumia na kuzinakili bure. Kwa hiyo kijana wa Kampala anayetaka kuujaribu mchezo huo, sisi tungemwambia aanze na hilo, kwa sababu hahitaji kununua kitabu. Toleo zuri ni lile ambalo wenzako wanaweza kulipata. Kipimo hicho hicho tukakirudisha kwenye ubao wetu.

Ndugu wa mashirika, hapa tuna ombi. Ule mchezo unaoitwa "mancala" unaokuja kwenye maboksi ya vifaa vya watoto, wenye safu 2 za mashimo 6 na ghala moja kila upande, mara nyingi ni kalah. Uliundwa na Mmarekani, William Julius Champion, mwaka 1940. Ni mchezo mzuri na watoto wanaupenda. Ila msituletee mkisema ni mchezo wetu wa asili. Kabla ya kununua, muulize fundi seremala wa mtaani anaweza kuchonga nini, na muwaulize watoto nyumbani kwao wanacheza nini.

Tulichoamua

Siku ya Juni 20 tutacheza kwa sheria za omweso. Sababu ni tatu, na hakuna inayosema omweso ni mkubwa kuliko mingine. Kwanza, mbao zake zinapatikana Kampala, na majirani zetu Waganda wataweza kukaa na kucheza nasi, siyo kutuangalia tu. Pili, watu wa igisoro wako karibu nao sana, kwa hiyo kundi kubwa halitahitaji somo refu. Tatu, unafundishika asubuhi moja, wakati bao la Kiswahili lenye kunamua na mtaji linataka muda na utulivu. Raundi ya kwanza hatutatumia emitwe ebiri, maana mgeni anaweza kushindwa kabla hajaelewa kilichotokea. Kuanzia robo fainali inarudi, na kila mtu atakuwa ameambiwa.

Wenzetu wa bao walinung'unika, na wana haki. Wanasema tunachagua rahisi na kuacha chenye hesabu. Tumewapa meza yao, watacheza mbele ya watu na kueleza kila hatua, na atakayetaka kujifunza ataanza na bao la kujifunza. Wasomali wa Kisenyi watakuwa na meza ya shax, kete 12 kila mtu na unapanga tatu kwenye mstari. Waeritrea wameahidi kutuonyesha gebeta.

Siku za kawaida kanuni ni hii: mwenye ubao ndiye anatangaza sheria. Kabla ya kete ya kwanza kusogea, anajibu maswali matano kwa sauti, kila mtu asikie:

Kete zinapangwaje mwanzoni?
Unakula shimo moja au mawili?
Ulichokula unaanza kukisambaza wapi?
Kurudi nyuma kunaruhusiwa wapi?
Mchezo unaishaje?

Maswali matano, dakika mbili. Akishayajibu, hakuna wa kubisha katikati. Usipopenda, subiri mchezo unaofuata, ulete ubao wako, utangaze yako.

Wasichana wanakaa kwenye ubao kama wavulana. Wazee wengine watasema baraza la bao lilikuwa la wanaume. Ni kweli kwa sehemu nyingi ilikuwa hivyo, na sisi tunawaheshimu. Ila kama tumekubali kubadilisha sheria za kete, na hiyo ya nani akae inabadilika pia.

Na kwenye ubao wetu hakuna kumuuliza mtu asili yake kwa sababu ya anavyocheza. Unaruhusiwa kuuliza, "Nani alikufundisha?" Hilo ni swali zuri, mtu atakujibu kwa furaha, atakutajia babu, shangazi, jirani wa kambini. Swali la "kwa hiyo wewe ni wa wapi?" liache.

Yule kijana wa Kivu tumemfuata nyumbani, tumezungumza. Amekubali kuwa mmoja wa waamuzi, na ameomba meza ya igisoro iwepo, yeye mwenyewe atangaze sheria. Tumekubali.

Sasa kazi yenu. Muulizeni mzee mmoja nyumbani yale maswali matano, muandike majibu yake kama alivyosema, na jina la mahali alipojifunzia. Msisahihishe. Tunataka tuwe na daftari moja lenye sheria za kila mtu kabla wazee hawajaondoka nazo. Kete tunazo, mbao mbili bado zinatafutwa. Mwenye ubao aulete Jumamosi.